Namna ya kuzipata blogu za watu binafsi ambazo Google haikuletei

Ukisachi kitu Google siku hizi, iwe samaki wa kupaka, iwe kufunga sola nyumbani, iwe historia ya Kilwa, peji ya kwanza yote inajaa saiti kubwa zilizoandikwa ili Google izipende, unasoma aya nne nzima bado hujaambiwa kitu. Na wakati huohuo yupo mtu mahali, mwalimu, fundi, nesi, mstaafu, ameshaandika jambo hilohilo kwa sababu kalifanya yeye mwenyewe, kaweka na picha zake, kaeleza na palipomsumbua, na blogu yake iko huko peji ya sita ambako hamna mtu anafika. Hizo ndo blogu nazoongelea hapa. Blogu ya mtu mmoja, anaandika anachokijua na anachokipenda, hana bosi wa kumwambia leo andika hiki kesho kile. Zipo nyingi mno, za Kiswahili na za lugha nyingine, sema njia za kuzifikia siyo zile tulizozoea, ndo maana watu wengi wanadhani zimeshakufa.

Kabla ya kingine chochote shika hili moja: usitafute mada, tafuta mtu. Ukisachi blogu za kilimo utaletewa saiti za kuuza pembejeo na orodha za "blogu kumi bora" ambazo nyingine hata hazifunguki. Lakini ukimpata mtu mmoja tu anayeandika vizuri kuhusu shamba lake, huyo atakupeleka kwa wengine, kwa sababu anayeandika blogu karibu siku zote anasoma za wenzake, anawataja, anabishana nao, anawawekea linki. Kwahiyo kazi yako ni mbili tu, kumpata wa kwanza, halafu kumfuata mpaka kwa marafiki zake. Yote ntakayoandika hapa chini yanaingia kwenye moja ya hizo mbili.

Tuanze na za nyumbani

Kiswahili kilikuwa na kipindi kitamu sana cha blogu, kuanzia kama 2004 hivi mpaka miaka ya 2010 na kitu. Ndesanjo Macha na blogu yake ya Jikomboe ni kati ya waliofungua njia, na yeye ndo alimsaidia Issa Michuzi kufungua ya kwake mwaka 2005 walipokuwa Helsinki, na baada ya hapo Michuzi akasomwa na Watanzania kila kona mpaka ughaibuni, mpiga picha mmoja na kamera yake na wadau wake. Yupo Profesa Joseph Mbele, aliyefundisha fasihi miaka mingi chuo cha St. Olaf kule Minnesota Marekani, blogu yake inaitwa Hapa Kwetu, Kiswahili kimenyooka kabisa, anaandika vitabu alivyonunua, mila, safari, mambo ya kuishi ughaibuni. Yupo Chambi Chachage na Udadisi, kule ni mijadala ya historia na uchumi na siasa, Kiswahili na Kiingereza vimechanganyika. Nimewataja hawa makusudi, maana ukianza na blogu ya kipindi kile una uzi mrefu wa kuvuta.

Sasa uzi wenyewe unavutwaje. Blogu nyingi za wakati ule ziko Blogspot, ile huduma ya bure ya Google ya kufungulia blogu, na ukizifungua kwa simu unaona posti tu, moja chini ya nyingine, unadhani ndo mwisho. Siyo mwisho. Kwenye simu Blogspot inaficha safu ya pembeni, na hiyo safu ndo hazina yenyewe. Nenda pale juu kwenye anwani ya blogu, mwishoni kabisa ongeza ?m=0 (kama imeshaandikwa ?m=1 we badilisha tu hiyo moja iwe sifuri), bonyeza kwenda, peji inarudi vile inavyoonekana kwenye kompyuta, herufi zinakuwa ndogo kweli lakini vuta kwa vidole utasoma. Pembeni sasa utaona vitu vitatu vya maana. Cha kwanza ni kumbukumbu, zimepangwa kwa mwaka na mwezi na idadi ya posti kwenye mabano, hapo unajua mwenyewe aliandika sana lini. Cha pili ni orodha ya blogu anazosoma, na hii mi naipenda kupita zote kwa sababu wengi waliweka ile orodha ya Blogspot inayojipanga yenyewe, aliyeandika karibuni anapanda juu, aliyenyamaza anashuka, na chini ya kila jina imeandikwa posti ya mwisho ni ya lini, siku tatu zilizopita, mwezi mmoja uliopita, miaka tisa iliyopita. Yaani bila kufungua hata moja unajua nani bado yupo kazini. Cha tatu ni profaili yake, ibonyeze, kuna watu wana blogu mbili tatu, moja ya habari ambayo kila mtu anaijua na nyingine ya mashairi au ya picha za kijijini kwao ambayo haijulikani, na hapohapo kwenye profaili mara nyingi utaona na blogu anazozifuata.

Chukua zile za juu kwenye orodha, fungua kila moja, rudia zoezi lilelile la ?m=0, na kwenye kila orodha mpya angalia majina yanayojirudia. Jina likitokea kwenye orodha za watu watatu ambao mada zao hazifanani, mmoja wa siasa, mmoja wa mapishi, mmoja wa ushairi, huyo usimpite, wenzake wanamheshimu kwa kitu fulani.

Usisahau pia sehemu ya maoni chini ya posti za zamani. Wachangiaji wengi wa kipindi kile walikuwa na blogu zao, na jina lao likiwa na rangi ya linki ukibonyeza unafika kwao. Kuna wanawake wengi walioandika mambo ya malezi, ndoa, maisha ya ughaibuni, ambao blogu zao hazimo kwenye orodha yoyote ya "blogu maarufu" lakini kwenye maoni ya wenzao wamo kila siku.

Kwanini nyingi zimenyamaza, na ufanyeje

Utakutana na blogu nyingi za Tanzania ambazo posti ya mwisho ni ya 2018 au karibu na hapo. Sababu mojawapo kubwa inajulikana. Mwaka 2018 zilikuja kanuni za maudhui ya mtandaoni, mwenye blogu akatakiwa kujisajili TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, na kulipa, na gharama zote kwa pamoja zilitajwa kufika kama shilingi milioni 2.1, na kwa mtu anayeandika jioni baada ya kazi bila kuingiza hata senti ile ni hela ambayo hana. Ada zilikuja kushushwa baadaye lakini wengi walishafunga, na wengine walikuwa wameshahamia Facebook, Instagram na WhatsApp ambako posti nzuri ya leo keshokutwa huioni tena. Mi inaniuma sana hii, kwa sababu kuna maarifa ya Kiswahili yaliandikwa pale ambayo hayajaandikwa tena popote.

Ila blogu kunyamaza siyo kwamba imepotea. Za Blogspot na za WordPress zile za bure mara nyingi zinabaki hewani miaka na miaka hata kama mwenyewe hajaigusa, kwahiyo soma tu, posti ya 2009 kuhusu jinsi ya kutega madema au jinsi mtaa fulani wa Tanga ulivyopata jina lake haijachacha. Shida iko kwa waliokuwa na jina lao wenyewe la kulipia kila mwaka. Wakiacha kulipa jina linanunuliwa na watu wengine, unabonyeza linki ya blogu ya ushairi unakutana na matangazo ya kubeti. Ikikutokea hivyo funga, kopi ile anwani, nenda web.archive.org ambayo ni maktaba ya Internet Archive ya Marekani, wamekuwa wakihifadhi nakala za kurasa za mtandao tangu 1996. Pesti anwani, itakuletea kalenda yenye miaka juu na vialama vya mviringo kwenye tarehe ambazo nakala ilichukuliwa. Chagua mwaka ambao blogu ilikuwa bado hai, siyo wa karibuni, la sivyo utaangukia tena kwenye yale matangazo ya kubeti. Picha zingine hazitafunguka, maandishi kwa kawaida yapo. Na ile safu ya pembeni ipo! Linki zake nyingi zinafunguka humohumo ndani ya maktaba, kwahiyo unaweza kuzurura kwenye blogu za 2007 kama ziko hewani leo.

Sehemu nyingine ya kuanzia kwa Kiswahili ni Global Voices, ule mradi ulioanzia Harvard 2004 wa kufuatilia wanaoandika mtandaoni dunia nzima. Wana toleo la Kiswahili linalotafsiriwa na watu wanaojitolea, na uzuri wa makala zao hasa za zamani ni kwamba ndani ya makala moja wananukuu wanablogu wanne watano wa nchi hiyohiyo na kuwawekea linki. Ukitaka kujua nani alikuwa anaandika Burundi au Kongo au Madagaska miaka ile, fungua kundi la nchi, shuka chini mpaka makala za mwanzo, halafu fuata majina.

Kwa Kenya njia rahisi ni tuzo. Chama cha wanablogu wa Kenya, BAKE, kilianza kutoa tuzo 2012, na kulikuwa na makundi ya chakula, kilimo, safari, picha, teknolojia, biashara, uandishi wa ubunifu. Washindi utawajua tu, akina Jackson Biko na Bikozulu, mzee wa simulizi ndefu, au Bankelele kwa mambo ya mabenki na hisa, hao huhitaji mimi. Wewe tafuta orodha ya waliopendekezwa kila mwaka, wale ambao hawakushinda. Humo ndo utamkuta anayeandika ufugaji wa nyuki au mapishi ya kwao tu. Nyingi ni za Kiingereza, Kiswahili utakikuta kimenyunyizwa ndani.

Ukilazimika kutumia Google

Google inaweza kukusaidia ukiilazimisha. Unaandika maneno yako halafu unaongeza site:blogspot.com au site:wordpress.com, inakuletea za humo tu. Afu usiandike kama unavyouliza swali, andika kama mtu anavyosimulia, kwa sababu unamtafuta mtu anayesimulia. Badala ya kuandika ufugaji wa kuku wa kienyeji, ambayo itakuletea maelekezo yaleyale yaliyokopiwa mara mia, weka ndani ya alama za kunukuu sentensi ambayo mfugaji mwenyewe angeisema, "kuku wangu" au "nilianza na kuku" au "banda langu". Vilevile "bibi yangu alikuwa", "nilipofika", "safari yangu ya", "kijijini kwetu". Saiti za kibiashara haziongei hivyo, maneno kama hayo yanazichuja yenyewe.

Ongeza na tarehe. Ukiandika before:2012-01-01 mwishoni inakuletea vilivyochapishwa kabla ya hapo, na after: inafanya kinyume chake. Tarehe za Google siyo za kuaminika asilimia mia lakini zinapunguza takataka kwa kiasi kikubwa.

Halafu kuna hii ya kurudi kinyumenyume ambayo watu hawaitumii. Umeshapata blogu unayoipenda, unataka kujua nani wengine wanaipenda. Andika anwani yake ndani ya alama za kunukuu, halafu weka alama ya kutoa mbele ya site: na anwani ileile, yaani "hapakwetu.blogspot.com" -site:hapakwetu.blogspot.com. Hapo unapata kurasa za watu wengine wanaoitaja, na mtu aliyeitaja kwa upendo mara nyingi naye anaandika vitu vya aina hiyo. Ukishazoea utaona inakufikisha mbali kuliko sachi ya kawaida.

Za nje, lugha yoyote unayoisoma

Hapa kuna utajiri wa kutisha, na kuna watu wamejitolea kuupanga. Za Kiingereza ndo zimepangwa zaidi, kwahiyo mifano yangu mingi itakuwa ya huko.

Ooh.directory (ndo anwani yenyewe hiyo) ni orodha ya blogu iliyotengenezwa na Phil Gyford wa Uingereza, aliifungua 2022, maelfu ya blogu zimepangwa kwa mada, ndege, reli, hesabu, kushona, madaraja, dini, lugha, na kila moja inakuonyesha posti ya mwisho imetoka lini. Hii ndo ningempa mtu anayeanza. Chagua mada ambayo huijui kabisa, siyo ile unayoipenda tayari.

Marginalia ni sachi injini ya jamaa wa Sweden, Viktor Lofgren, alianza nayo kwa kompyuta iliyokuwa imekaa nyumbani kwake. Inazipa kipaumbele kurasa zenye maandishi mengi na kuzishusha zilizojaa matangazo. Ukiisachi kama Google utakata tamaa. Ipe maneno mawili matatu ya msingi tu, kwa mfano dhow na Lamu, afu kubali kusoma kitu ambacho hukukitegemea. Wiby nayo ni ndugu yake, yenyewe inapenda kurasa nyepesi za mtindo wa zamani, na ina kitufe cha kukutupa popote bila kuchagua. Indieblog.page inafanya hivyohivyo kwa posti za blogu. Kagi, kampuni ya sachi ya kulipia, wana sehemu yao ya bure inayoitwa Small Web, haitaki akaunti, ukiifungua inakuwekea posti moja ya karibuni ya blogu binafsi, hujaipenda bonyeza nyingine, hujaipenda nyingine. Ni nzuri ukiwa kwenye foleni ya benki.

Na Bear Blog, ya Herman Martinus wa Afrika Kusini. Hii ni sehemu ya kufungulia blogu lakini ina ukurasa wa kuonyesha posti mpya na zinazopendwa za watu waliomo humo, na kurasa zake ni nyepesi mno, hamna vifuatiliaji, hamna madoido, bando lako karibu haliguswi. Watu wanaandika humo mambo ya maisha ya kawaida, upweke, kazi, baiskeli, kufiwa. Kuna uzembe pia, posti za mistari mitano, lakini unapita tu.

Kama unataka mfano wa blogu moja ya mtu mmoja inavyoweza kwenda ndani, fungua acoup.blog. Ni ya Bret Devereaux, mwanahistoria wa Marekani anayeijua Roma ya kale na vita vya zamani. Mwaka 2020 aliandika mfululizo mzima kuhusu mkate ulivyotengenezwa zamani, anaanzia kwa mkulima na jembe, mavuno, nani anasaga, nani anamiliki kinu, mpaka mjini, halafu akafanya hivyo kwa chuma, kuanzia kuchimba mawe na kuchoma mkaa mpaka upanga. Aliyetoka ukoo wa wahunzi akisoma ile atakuwa anatikisa kichwa njia nzima. Hamna gazeti lingempa mtu nafasi ya kuandika urefu ule.

Nyingine ni Low-tech Magazine ya Kris De Decker, kuhusu teknolojia za zamani zinazoweza kutusaidia leo, majiko, matanga, kuhifadhi joto, mikokoteni. Tangu 2018 ina toleo linaloendeshwa na sola iliyoko Barcelona, na kwenye ukurasa wenyewe kuna alama inakuonyesha betri imebaki asilimia ngapi, rangi ya ukurasa mpaka hapo betri ilipofika inakuwa tofauti na pengine, na mawingu yakizidi blogu inaweza kuzima mpaka jua litoke. Picha wamezipunguza mpaka zinakuwa za chengachenga ili zisile umeme, na faida yake kwetu ni kwamba hata kwa intaneti ya kusuasua inafunguka.

Ukishaingia kwenye dunia hii kuna mambo mawili uyatafute kwenye kila blogu. Moja ni ukurasa wa linki, wengine wanauita blogroll, mara nyingi uko juu kwenye menyu au chini kabisa. Mbili ni pete, mtindo wa tangu miaka ya 1990, blogu kadhaa zinajiunga kwenye duara, chini ya ukurasa unaona mshale wa kushoto na wa kulia, ukibonyeza unaenda kwa jirani, na jirani anakupeleka kwa jirani yake. Mwanablogu mmoja, Manuel Moreale, naye ana mradi unaoitwa People and Blogs, tangu 2023 kila wiki anamhoji mwanablogu mmoja, na kwenye mahojiano anamuuliza ni blogu zipi zingine za kusomwa. Ukisoma mahojiano matano una majina ya mwezi mzima.

Usipotunza utapoteza

Hapa ndo watu wanakwama. Unapata blogu nzuri Jumapili, Jumatano hukumbuki jina. Na mwenye blogu binafsi haandiki kila siku, anaweza kuandika leo kisha akakaa miezi minne, huwezi kwenda kuchungulia kila asubuhi. Dawa yake ipo tangu zamani, inaitwa RSS. Kila blogu karibu ina fidi, anwani ya pembeni ambayo inatoa posti mpya peke yake, na unakuwa na programu kwenye simu inayokusanya fidi zote ulizoziweka. Mwenyewe akiandika tu inakufikia. Hamna mtambo wa kukuchagulia, hamna matangazo katikati, zimepangwa kwa muda zilivyotoka. Watu wengi walikuwa wanatumia Google Reader kwa kazi hii, Google wakaifunga Julai 2013 na wengi wakadhani RSS nayo imefungwa. Haijafungwa.

Kwa Android chukua Feeder, ile ya bure isiyotaka akaunti, ipo Play Store na F-Droid, duka lingine la programu za bure. Kwa iPhone chukua NetNewsWire, nayo bure. Ukitaka kusoma kwenye simu na kompyuta pamoja kuna Inoreader na Feedly, za bure zake zinatosha kabisa kuanzia. Kwenye programu bonyeza alama ya kujumlisha, pesti anwani ya blogu, kwa kawaida inaitafuta fidi yenyewe. Ikishindwa iongezee wewe kwa mkono, kutegemea blogu imefunguliwa kwenye huduma gani: ya WordPress na ya Substack mwisho wake ni /feed, ya Blogspot ni /feeds/posts/default, ya Ghost ni /rss. Weka hata zile blogu zilizolala miaka mitano, hazikugharimu chochote, na siku mzee akiamka akaandika utakuwa wa kwanza kujua.

Kwa wenye bando la kubana, nenda kwenye mipangilio useti programu ivute posti ukiwa kwenye waifai tu na ihifadhi makala nzima. Ukitoka nyumbani unasoma kwenye daladala bila data kabisa.

Usianze na mia. Weka kama kumi na tano za mada tofauti, na uwe mwepesi wa kufuta. Ukijikuta unaruka posti za mtu fulani mara tatu mfululizo mtoe, hamna ugomvi, hajui hata.

Utajuaje kama ni ya mtu kweli

Siku hizi kuna blogu zinazoandikwa na mashine tupu na nyingine za kukopi na kupesti, haswa za kwetu za udaku na habari, posti ileile utaikuta kwenye blogu kumi. Kopi sentensi moja ya katikati, ile yenye maneno ya kipekee kidogo, isachi ndani ya alama za kunukuu. Ikitokea sehemu nyingi tafuta yenye tarehe ya zamani zaidi, huyo ndo yawezekana ni mwenyewe, mfuate yeye.

Halafu fungua ukurasa wa kujieleza. Mtu wa kweli ana mahali, ana kazi, ana kitu anachokipenda kupita kiasi. Soma posti yake ya kwanza kabisa na ya mwisho. Angalia kama kuna vitu ambavyo asiyefanya asingevijua. Anayepika kweli atakwambia tui la pili lilikatika akafanya nini, atakwambia nazi za msimu huu zina maji mengi, anayekopi atakwambia weka nazi kikombe kimoja. Mwonekano usikudanganye, blogu nyingi nzuri sana zina rangi mbaya na maandishi ya kijani juu ya rangi nyeusi, we soma.

Kama hakuna jina la mwandishi, posti zinatoka tano kwa siku kwenye mada zisizohusiana, na kila kichwa cha habari kinakuahidi siri, toka tu.

Na njia ya mwisho, ambayo kwa maoni yangu ndo inazaa kuliko hata mitambo yote niliyotaja, ni kumwandikia mwenyewe. Wengi wameweka barua pepe au sehemu ya maoni. Muandikie kwa heshima, shikamoo kama ni mkubwa kwako, mtajie posti gani uliisoma na nini kilikugusa, halafu muulize, wewe mwenyewe unasoma blogu za nani? Watu hawa wanaandika miaka bila kusikia sauti ya mtu, wakipata ujumbe kama huo wanajibu kwa urefu, wanakupa na majina ambayo hayapo kwenye orodha yoyote, wengine ni wa lugha za kwao, Kisukuma, Kikuyu, Kimakonde. Na mara nyingine aliyekuwa amenyamaza anaanza tena kuandika kwa sababu kajua kuna mtu anasoma.

Ukishakuwa na orodha yako kwenye programu ingia mipangilio utafute sehemu ya kutoa OPML. Ni faili dogo lenye anwani zote za fidi zako. Jitumie kwenye barua pepe yako, ukibadilisha simu unaliingiza kwenye simu mpya na kila kitu kinarudi. Faili hilohilo unaweza kumtumia rafiki kwa WhatsApp, akalifungua kwenye programu yake akapata blogu zako zote kwa mkupuo, na we mwambie akutumie la kwake.